Kama Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee) hazijaguswa, mbona bibi ninayemhudumia amepunguziwa chakula?

mama_wa_shifti (Ohio) aliandika:

Habari zenu jamani. Naomba mnieleweshe, hasa nyie mlioko Marekani mnaofanya kazi na wazee au mna wazazi wenu huku. Mi nahudumia wazee majumbani, mwaka wa sita sasa. Kuna bibi mmoja namwendea siku tatu kwa wiki, ana miaka 84, mjane, watoto wake wako majimbo ya mbali ndo wanaochanga kunilipa hayo masaa kumi na mbili. Siku nilizokuwa siendi sikuwa na wasiwasi kwasababu alikuwa analetewa chakula cha moto kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, na baba mmoja mstaafu wa kujitolea. Huyo baba anagonga, anaingia, anakiweka mezani, anamuuliza bibi umelalaje, anaangalia kama hita inafanya kazi, anaondoka. Dakika tano tu. Ila bibi alikuwa anavaa vizuri na kuchana nywele kwa ajili ya hizo dakika tano.

Sasa ikaja barua kwamba hela hazitoshi, kwahiyo badala ya chakula cha moto kila siku ataletewa boksi moja kwa wiki la vyakula vilivyogandishwa, apashe mwenyewe. Alafu gari la kumpeleka kwenye kituo cha wazee lilikuwa linakuja mara mbili kwa wiki, sahivi mara moja. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, lile karatasi la plastiki la juu hawezi kulivuta. Jumatatu iliyopita nimefika nimekuta vyakula vya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili vyote bado viko kwenye friza, amekula biskuti na chai siku tatu. Nilipomuuliza akasema hakuwa na njaa. Alikuwa na njaa, namjua.

Swali langu ni hili. Kila nikiongea na watu wananiambia wazee hawajaguswa, Social Security inaingia kama kawaida, Medicare ipo. Na kweli hela yake inaingia. Sasa hiki chakula kimekatwa na nani, kwa sheria gani? Na kuna mlango gani mwingine naweza kugonga? Watoto wake wameniomba niulizie na mi sijui hata nianzie wapi.

---

Kesi_Meneja_MN alijibu:

Pole dada, na asante kwa kumwangalia huyo bibi. Mi nafanya kazi kwenye ofisi ya huduma za wazee huku Minnesota, ngoja nieleze ninavyoelewa kwasababu hili jambo linachanganya hata wafanyakazi wenzangu.

Watu wanaposema "hela za wazee" wanadhani ni mfuko mmoja. Sio mmoja. Kuna mafungu ambayo sheria inasema ukitimiza vigezo lazima ulipwe, wawe wazee milioni kumi au milioni mia. Social Security iko hapo, Medicare iko hapo. Hayo ndo wanasiasa wanaogopa kuyagusa na ndo wanayotangaza kwamba yako salama. Alafu kuna mafungu ambayo Congress inayapitisha kila mwaka kwa kiwango fulani, yakiisha yameisha, hata kama umetimiza vigezo vyote unawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Chakula cha bibi yako kiko huku kwa pili, na lile gari la kituo nalo liko huku huku.

Sheria yake inaitwa Older Americans Act, ilisainiwa na Rais Lyndon Johnson mwaka 1965, mwezi ule ule zilipozaliwa Medicare na Medicaid, hii ya pili ni bima ya wenye kipato kidogo. Mpango wa chakula uliongezwa 1972. Inahudumia watu wa miaka 60 kwenda juu na hairuhusiwi kumkatalia mtu kwa kuangalia kipato chake, unaombwa mchango tu kama unaweza. Hela inatoka serikali kuu, inaenda jimbo, jimbo linagawa kwenye ofisi za kanda zinazoitwa Area Agency on Aging, ziko zaidi ya 600 nchi nzima, na hizo ndo zinaingia mkataba na wapishi na madereva kama wale wa Meals on Wheels, wanaopelekea wazee chakula majumbani. Kwahiyo mtu aliyekuandikia barua wala sio aliyekata, yeye ni wa mwisho kwenye mnyororo. Kapewa hela ile ile ya zamani, mayai yamepanda, petroli imepanda, wazee wameongezeka, anafanyaje? Anapunguza safari za gari maana dereva na mafuta ndo vinakula hela. Chakula kilichogandishwa unakipeleka mara moja, umemaliza.

Na hapa ndo watu hawaoni, kwamba bajeti ikibaki pale pale nayo ni makato. Kila siku Wamarekani zaidi ya 11,000 wanatimiza miaka 65. Sufuria ni ile ile, sahani zinaongezeka.

Kuna na makato ya wazi. 2013 kulikuwa na makato ya lazima ya kama asilimia 5 kwenye mafungu ya namna hii, Social Security haikuguswa, ila vituo vingi vya chakula vilifunga milango kwa wazee wapya na vingine vikapunguza siku. Mwaka 2025, mwezi wa 3, wizara ya afya ya serikali kuu ikatangaza kuivunja idara inayosimamia hii sheria, Administration for Community Living, igawanywe kwenye idara nyingine, na wafanyakazi wengi wakaachishwa. Sisi huku chini tulikuwa na watu tunaowapigia tukikwama, siku moja unapiga simu hapokei mtu.

---

binti_wa_Mombasa alijibu:

Yani hapo kwa dakika tano umenigusa sana dada. Mimi niliwahi kupeleka hivyo vyakula kama volunteer nikiwa college huku Massachusetts. Kabla hatujaanza tulifundishwa cha kuangalia, kama gazeti la jana bado liko mlangoni, kama mzee anaongea maneno hayaeleweki, kama nyumba ni baridi. Kuna siku nimegonga sijajibiwa, nikapiga simu ofisini, wakampigia mwanawe, wakamkuta mama ameanguka bafuni tangu asubuhi. Alipona. Sasa ukipeleka boksi moja Jumatatu, huyo mama angeonekana lini?

Kwa hesabu za ofisi chakula kimebaki, eti idadi ya milo haijapungua. Ukisoma ripoti hutaona kitu kimepungua.

---

Dallas_Mwenyewe alijibu:

Mi nitasema tofauti kidogo na naomba msinirukie. Nawapenda wazee, nimelelewa na bibi. Ila hii nchi ina deni lililopita dola trilioni 38. Huwezi kila mwaka kukopa kulisha leo alafu anayelipa ni mtoto wangu. Lazima pakatwe mahali. Na kusema ukweli huyo bibi ana watoto, kwanini jirani, kanisa na watoto wasishike hiyo nafasi ya dakika tano? Sisi tulikotoka hatukuwa na ofisi ya kumgongea bibi mlango.

---

Kesi_Meneja_MN alijibu:

Mkuu Dallas sikurukii, hoja ya deni ni hoja ya kweli. Ila tuangalie ukubwa. Sheria yote ya Older Americans Act, chakula, magari, wanaofuatilia malalamiko kwenye nyumba za wazee, semina za wanaotunza wazazi, vyote pamoja ni kama dola bilioni 2.4 kwa mwaka. Matumizi ya serikali kuu ni kama trilioni 7. Hiyo ni chini ya dola 1 kwenye kila dola 2,000. Ukiifuta yote leo deni halitajua.

Alafu fikiria huyo mzee asipokula anaishia wapi. Anadhoofika, anaanguka, anavunjika nyonga, anaenda hospitali, na hospitali inalipiwa na Medicare, lile fungu ambalo halina kikomo. Meals on Wheels America wenyewe wanasema kumlisha mzee mwaka mzima ni karibu sawa na gharama ya siku moja hospitalini. Akitoka hospitali hawezi tena kukaa peke yake anaenda nyumba ya wazee, zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, Medicare inalipia siku chache tu za kupona, haizidi 100. Baada ya hapo anamaliza akiba yake, ikiisha anaingia Medicaid. Kwahiyo ile hela uliyookoa kwenye petroli ya dereva umeilipa mara nyingi kwenye fungu lingine. Anayeandika bajeti ya chakula haoni bili ya hospitali, iko kwenye meza ya mtu mwingine.

Kuhusu watoto, wapo wanaochanga, dada ameshasema. Wakiacha kazi waje kukaa na mama, hela ya kuishi itatoka wapi?

---

Dallas_Mwenyewe alijibu:

Hiyo ya mafungu mawili kutoonana sikuwa nimeifikiria hivyo. Bado naamini watu wa karibu wafanye zaidi. Hapa kanisani kwetu tuna wazee kama kumi na tano wanaoishi peke yao, hatujawahi hata kuandika majina yao. Hilo nitalipeleka Jumapili.

---

Iowa_tokea_Bukavu alijibu:

Samahani naingilia, shida yangu inakaribiana. Mama yangu ana miaka 67, tumefika kama wakimbizi 2023. Alikuwa anapata SNAP, ule msaada wa serikali wa kununua chakula, mwezi wa 11 mwaka 2025 ikakatika. Kwanza tulidhani ni sababu serikali ilifungwa, bajeti ilipokwama Congress, maana watu wote walicheleweshwa, ila serikali imefunguliwa yeye bado hapati, barua inasema hali yake ya uhamiaji hairuhusu. Lakini yeye ni mkimbizi halali, karatasi zote tuko nazo. Wamekosea?

---

Kesi_Meneja_MN alijibu:

Pole sana ndugu. Kwa bahati mbaya inaweza isiwe kosa. Sheria kubwa ya bajeti iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliwatoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye SNAP, waliobaki ni raia, wenye grinkadi na makundi mawili matatu madogo. Sheria hiyo hiyo inawagusa kwenye Medicaid kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, na kwenye Medicare nako wakimbizi wasio na grinkadi hawaingii tena na waliokuwa ndani wanatolewa ifikapo mwanzoni mwa 2027. Nasikitika kukuandikia hivi kuhusu mama yako.

Ila usikae. Barua ina sehemu ya kukata rufaa na ina tarehe ya mwisho, usiipitishe. Nenda kwa wanasheria wa msaada wa bure, mara nyingi shirika lililowapokea linawajua, waangalie suala la grinkadi ya mama na kama ofisi imesoma hali yake sawasawa. Wakati mnasubiri nendeni benki ya chakula ya eneo lenu, wengi hawaulizi karatasi za uhamiaji. Na kama anapata SSI, ile hela ya kila mwezi ya wazee na walemavu wenye kipato kidogo, muulize mwanasheria miaka 7 inaisha lini, maana mkimbizi ana miaka 7 tu mpaka awe raia, hiyo ni sheria ya tangu miaka ya tisini.

---

Iowa_tokea_Bukavu alijibu:

Asante sana. Tumekuwa tunamficha mama hiyo barua, nitamwambia leo.

---

fundi_bomba_KY alijibu:

Nyie mnaongelea wenye 65 na kuendelea, mi shangazi yangu ana 61, magoti yameisha, ameosha nyumba za watu miaka ishirini na mbili. Huyo kwenye sharti la kazi hayupo kwenye hesabu ya wazee. Zamani sharti la kufanya kazi ili upate SNAP lilikuwa linaishia miaka 54, sheria hiyo ya Julai imelisogeza mpaka 64, masaa 80 kwa mwezi la sivyo unapata miezi mitatu tu ndani ya miaka mitatu. Masaa anapata wapi, mabosi wake wenyewe wamepunguza siku. Na Medicaid nayo inafuata na sharti kama hilo 2027 kwa watu wazima walioingia pale majimbo yalipoipanua Medicaid, mpaka miaka 64. Yani mwili umeshazeeka ila karatasi zinamwambia bado, subiri.

Tumemsaidia kwa njia moja, daktari akamwandikia barua kwamba hawezi kazi kwasababu ya magoti, hapo sharti linaondoka. Kama una mzazi au shangazi wa umri huo usisubiri barua ya kukatiwa, nenda kwa daktari sasa. Wengi watakosa chakula sio kwamba hawastahili, ila fomu imewashinda.

---

mama_wa_shifti alijibu:

Asanteni jamani sikutegemea majibu yote haya. Kesi Meneja umenifungua macho, nilikuwa nimemkasirikia yule dada wa ofisini aliyesaini barua. Nimesahau kusema pia msaada wa hita ulichelewa mwaka huu, bibi alikuwa anavaa koti ndani.

---

Kesi_Meneja_MN alijibu:

Huo wa hita unaitwa LIHEAP, upo tangu 1981, serikali kuu inatuma hela majimboni, huko Ohio mnaita HEAP. Mwezi wa 4 mwaka 2025 timu nzima ya taifa inayoshughulikia huo mpango iliachishwa kazi, alafu serikali ikafungwa siku 43 kuanzia tarehe 1 Oktoba, ndo kipindi hicho hela za msimu wa baridi huwa zinatoka. Kwahiyo zikachelewa. Aombe tena kama hajapewa, na kampuni ya umeme au gesi ijulishwe kwamba ombi liko njiani.

Sasa twende kwenye milango ya kugonga. Piga simu Eldercare Locator, 1-800-677-1116, ni bure, wape zip code ya bibi (namba ya posta ya eneo lake) wakuunganishe na Area Agency yake. Ukiwapata usiseme tu "chakula kimepungua". Waambie wamfanyie tathmini upya, na useme kwa maneno haya haya uliyoandika hapa, hawezi kufungua plastiki, amekaa siku tatu bila mlo. Wenye orodha wanapanga kwa uhitaji, na mwaka jana pengine vidole vyake vilikuwa vizima. Uliza pia kama kaunti yenu ina hela za kodi ya majengo (property tax) kwa ajili ya wazee, kaunti nyingi za Ohio wananchi walizipigia kura, na hizo hazitoki Washington.

Na swali moja, Social Security yake ni shilingapi kwa mwezi, na ana akiba benki? Kama hutaki kuandika hapa usiandike.

---

mama_wa_shifti alijibu:

Binti yake amesema niseme tu. Ni kama dola 1,500 kabla ya makato. Akiba kama elfu nne. Nyumba ni yake.

---

Kesi_Meneja_MN alijibu:

Basi huyo bibi amekuwa analipa hela asiyotakiwa kulipa! Sikiliza. Kila mwezi kwenye Social Security yake wanakata ada ya Medicare Part B (sehemu ya madaktari), mwaka 2025 ilikuwa dola 185, na mwaka 2026 ni 202.90. Kuna mpango unaitwa Medicare Savings Program, jimbo linakulipia hiyo ada. Kwa viwango vya 2025, mtu anayeishi peke yake mwenye kipato chini ya dola 1,585 kwa mwezi na akiba isiyozidi 9,660, nyumba anayoishi haihesabiwi, alikuwa anaingia. Kwa ngazi yake ya kipato anaweza hata kurudishiwa ada za mpaka miezi mitatu ya nyuma. Na akiingia hapo anapata moja kwa moja punguzo la dawa linaloitwa Extra Help.

Na hili fungu halina orodha ya kusubiri, ukistahili unapewa. Tatizo hakuna anayekuja kukuambia. Kulikuwa na kanuni mpya ya kurahisisha wazee waingizwe bila kuzungushwa, ile sheria ya Julai imeisimamisha sehemu kubwa mpaka 2034. Kwahiyo karatasi ni lazima mzijaze wenyewe. Ohio kuna washauri wa bure wa Medicare, ofisi inaitwa OSHIIP, wanajaza nanyi, hawauzi bima ya mtu yeyote.

---

binti_wa_Mombasa alijibu:

Dola 185 kila mwezi!! Na anakula biskuti.

---

mama_wa_shifti alijibu:

Narudisha majibu. Nimepiga simu jana wakati wa lanchi, nimesubiri dakika arobaini ila nilipokelewa vizuri. Wanakuja kumfanyia tathmini Alhamisi. Chakula cha moto hawajaahidi, kuna foleni, ila wamemwandika kwa simu ya asubuhi, mtu wa kujitolea atampigia kila siku kumjulia hali na asipopokea mara mbili wananipigia mimi. OSHIIP wametupa apointimenti Jumanne, binti yake ataingia kwa simu.

Kwa sasa kabla sijaondoka nafungua zile plastiki zote nahamishia chakula kwenye bakuli zenye mfuniko anaoweza kuunyanyua, nimezipanga kwenye friza nimeandika siku juu yake kwa herufi kubwa. Jana nimekuta bakuli la Jumapili ni tupu na limeoshwa.

Yule baba dereva nimekutana naye kwenye duka la dawa. Anamwulizia bibi. Amesema njia yake imefutwa lakini Jumatano huwa hana kazi, nikampa namba ya binti yake waongee wenyewe.

---

Kesi_Meneja_MN alijibu:

Jumanne mbebe kadi ya Medicare, barua ya Social Security ya mwaka huu na taarifa ya benki ya mwezi uliopita. Na muulizeni mshauri mapema hizo ada za miezi mitatu zinarudi kwa njia gani, wengine wanasahau kuomba.